Nargis, stelingi aliyevuta plau

Katika picha za Kihindi, stelingi kwa kawaida ni mwanamume: ndiye anayepiga, ndiye asiyekufa. Mother India, iliyotoka mwaka 1957, ilikuja na stelingi mama. Radha anaanza akiwa bi arusi na kumaliza akiwa ajuza, na Nargis aliyemwigiza alikuwa na miaka 28 tu.

Nargis alizaliwa mwaka 1929 akiitwa Fatima Rashid, akaanza kuigiza angali mtoto. Awaara ya mwaka 1951, akiwa na Raj Kapoor, ilipendwa kuanzia Moscow hadi Zanzibar. Lakini Awaara ilimfanya apendwe. Mother India ndiyo iliyomfanya aheshimiwe. Mama mkwe wa Radha amekopa fedha za harusi kwa Sukhilala, na mavuno yanaishia mikononi mwa mkopeshaji huyo mwaka baada ya mwaka. Mume anapondwa mikono na jabali, anatoroka kwa aibu. Mafuriko yanaifagia mimea. Sukhilala anakuja na chakula, akitaka mwili wa Radha uwe malipo. Radha anakataa, anajifunga plau mwenyewe na kulima.

Nairobi nayo ilikuwa na wanawake walioijua habari ya kupoteza mali. Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa na manispaa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea watu wa kijiji cha Pangani, kilichokuwa kinabomolewa. Kule Pangani wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe na walipangisha vyumba. Huku wakawa chini ya paa la manispaa. Mwanamke wa namna hiyo hakuhitaji mkalimani ili amwelewe Sukhilala, hata kama Kihindi chenyewe kilimpita.

Mother India ilitoka wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, Mwafrika akiulizwa kipande, yaani kitambulisho, njiani, na wakaguzi wa serikali wakiwa na uwezo wa kuipitisha filamu kwa Wazungu na kuizuia kwa Waafrika. Miongoni mwa majumba ya sinema ya Nairobi yaliyojulikana kwa picha za Kihindi ni Shan ya Ngara, ambayo kutoka Shauri Moyo hufikika kwa miguu. Jengo bado lipo. Siku hizi linaitwa Sarakasi Dome.

Mwishoni Radha anampiga risasi mwanawe kipenzi, Birju, aliyegeuka jambazi na kumteka binti wa Sukhilala. Sunil Dutt, aliyeigiza Birju, ndiye aliyemwoa Nargis mwaka 1958, baada ya kumwokoa motoni wakati wa kupiga picha hiyo hiyo. Hadithi kama hiyo ingeandikwa na mtunzi, tungeikataa.

Baada ya ndoa aliigiza kidogo sana. Raat Aur Din ya mwaka 1967 ilikuwa picha yake ya mwisho, ikampatia tuzo ya taifa. Mwaka 1980 aliingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India, akafariki Mei 1981 kwa saratani. Waliozianza picha za Kihindi na Sholay ya mwaka 1975 humtaja kwanza Hema Malini, aliyeigiza humo. Tuwasamehe, hawakumwona Nargis akivuta plau.