Kupima Theluji katika Bonde la Mto Truckee

Mto Truckee huanzia Ziwa Tahoe, mita 1,897 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa California na Nevada. Hupita katikati ya mji wa Reno na, baada ya kilomita zipatazo 190, huishia jangwani katika Ziwa Pyramid bila kufika baharini. Mvua ya Nevada ni haba. Maji ya mto huu huanguka zaidi kama theluji kwenye milima ya Sierra Nevada wakati wa baridi, hukaa huko juu kwa miezi, kisha huyeyuka kati ya Aprili na Julai, mashamba yanapoanza kukauka. Milima ni bwawa ambalo hakuna aliyelijenga, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua limejaa kiasi gani.

Haja ya kujua ilizaliwa na ugomvi. Katika miaka ya 1870 wafanyabiashara wa mbao waliziba mdomo wa Tahoe kwa lango la magogo, na mwanzoni mwa karne ya 20 lango hilo likawa chanzo cha uhasama. Wakulima na wazalishaji wa umeme wa chini ya mto walitaka maji yafunguliwe. Wenye nyumba na hoteli za ufukweni walilalamika ziwa likishuka, na walilalamika vilevile likijaa kupita kiasi, kwa kuwa mawimbi yalikula fukwe na kuharibu gati. Kila upande ulikuwa na hoja. Kilichokosekana ni hesabu.

Hesabu hiyo ilitoka kwa mtu ambaye hakutarajiwa: James Edward Church (1869–1959), mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, aliyependa kupanda Mlima Rose hata katikati ya baridi kali. Mwaka 1905 alisimamisha kibanda cha vipimo vya hali ya hewa juu ya mlima huo wenye mita 3,285. Alitambua kwamba kina cha theluji peke yake hudanganya. Sentimita 100 za theluji iliyoanguka jana huenda zisitoe hata sentimita 10 za maji; kina hichohicho cha theluji iliyoshindiliana hadi Aprili chaweza kutoa 40. Kwa hiyo Church aliacha kupima kina tu, akapima uzito. Alitumia bomba jembamba la chuma lenye meno ya msumeno, akalizamisha hadi ardhini, akalichomoa pamoja na theluji iliyonasa ndani, akalitundika kwenye mzani. Baadaye upana wa bomba la namna hiyo uliwekwa kwa ustadi: kila wakia moja kwenye mzani ni inchi moja ya maji. Mpimaji mwenye vidole vilivyokufa ganzi hakuhitaji kalamu.

Utabiri wake nao ulikuwa mwepesi. Mahali palepale hupimwa kila mwaka karibu na tarehe 1 Aprili. Theluji ikiwa na asilimia 80 ya maji ya kawaida, mto nao hutarajiwa kuleta asilimia 80. Kwa njia hiyo lango la Tahoe liliweza kufunguliwa mapema katika mwaka wa theluji nyingi. Ukame wa 1934 uliisukuma serikali ya Marekani kuanzisha mpango wa upimaji mwaka uliofuata, chini ya Wizara ya Kilimo, na njia ya Church ikaenea katika majimbo ya magharibi.

Kujua wingi wa maji, hata hivyo, hakukuamua nani ayapate. Tangu 1905 Bwawa la Derby lilikuwa likigeuza sehemu kubwa ya Truckee kwenda mashamba ya bonde jingine. Ziwa Pyramid, lililo katika ardhi ya Wapaiute, wenyeji wa asili wa eneo hilo, lilishuka kwa zaidi ya mita 20. Ziwa Winnemucca jirani lilikauka kabisa, na samaki aina ya trauti waliokuwa fahari ya Pyramid wakatoweka humo. Theluji ilipimwa sawasawa miaka yote hiyo. Wapaiute walilazimika kudai haki yao mahakamani kwa miongo, na mkataba wa uendeshaji wa mto unaowahusisha ulisainiwa 2008 na kuanza kutumika Desemba 2015.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 vituo vinavyopima theluji vyenyewe vilianza kusambazwa milimani. Theluji hukandamiza mfuko bapa wenye kimiminika kisichoganda, na mawimbi ya redio yaliyopeleka vipimo yalidundishwa, ajabu lakini kweli, kwenye mikia ya vimondo angani. Mabomba ya Church hayakustaafishwa. Tarehe 1 Aprili 2015 theluji ya milima ya California ilikuwa na asilimia 5 tu ya maji ya kawaida. Mwaka 2021 tatizo lilikuwa jingine: theluji ilizidi nusu ya kawaida, lakini udongo uliokauka tangu mwaka uliotangulia uliyanywa maji kabla hayajafika mitoni, na utabiri ukapita mbali. Siku hizi vituo vingi hupima pia unyevu wa udongo ulio chini ya theluji.