Nasaba Katika Jedwali Moja

Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wakitokea Ujiji kwa mitumbwi, walikuta soko lililokwisha kuzoeana na wafanyabiashara wa pwani, waliofuata pembe za ndovu na watumwa; nao wafanyabiashara hao walikuwa na ada ya kumtaja mtu kwa jina la babaye, fulani bin fulani, mpaka kumbukumbu ikome. Kanuni yao ilikuwa nyepesi, kwani hakuna aliyelazimika kuhifadhi shajara nzima ya ukoo: kila mtu alimjua mzazi wake, naye mzazi akamjua wake, na aliyetaka kumfikia babu wa mbali alirudia swali lile lile moja.

Serikali ya Kibelgiji ilifuata njia nyingine. Amri yake ya tarehe 5 Desemba 1933 ilithibitisha daraja za utawala wa kienyeji, na hata leo wilaya ya Uvira imegawanyika katika usultani wa Bavira, wa Bafuliiru na eneo la Bonde la Ruzizi, na chini yake makundi ya vijiji, kisha vijiji. Daraja za utawala zina idadi. Vizazi vya ukoo havina.

Tofauti hiyo hiyo iliwakabili mafundi wa kompyuta. Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM, ikihudumia safari za Apollo, ilitunga mfumo wa IMS, ambamo kila taarifa hukaa chini ya mzazi wake kwa ngazi zilizotangazwa mapema. Mwaka 1970 Edgar Codd, wa kampuni hiyo hiyo, akapendekeza majedwali peke yake, yanayounganishwa na thamani zilizomo. Hapo ukoo mzima ukaweza kukaa katika jedwali moja: kila mstari una namba yake, na safu ya mzazi huhifadhi namba ya mstari mwingine wa jedwali lile lile. Kanuni za mwaka 1999 za SQL, lugha ya kuulizia majedwali hayo, zikaongeza ulizo linalojirudia mpaka mzazi akosekane. Ila sharti mtu asiandikwe kuwa babu wa nafsi yake, wala mzazi asifutwe hali watoto wangali wakimtegemea.

Katika Mulongwe, sehemu ya mji wa Uvira, jambo hili la kumwandika mzazi lina uzito wa pekee. Tangu Mobutu alipoamuru mwaka 1972 majina ya Kikristo yaachwe, na Sheria ya Familia ya 1987 ilipofuata, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kuchukua majina yasiyofanana hata kidogo. Hivyo jina peke yake si ushahidi wa nasaba, na daftari la ukoo halina budi kuandika uhusiano wenyewe. Tena liwe na safu mbili, ya baba na ya mama, kwa maana nasaba ya kina baba peke yao huwaacha nje nusu ya waliotuzaa.

Liko na la tatu. Vita vilivyoingia Uvira Oktoba 1996, na vilivyofuata, vilitenganisha watoto wengi na wazazi wao. Safu ya mzazi iliyo wazi hutumika kwa mwanzo wa ukoo. Basi mtoto ambaye wazazi wake hawajapatikana asiandikwe vivyo hivyo, kana kwamba ukoo umeanzia kwake. Apewe alama ya anayetafutiwa wazazi, ili siku mzazi atakapojulikana, mstari mmoja usahihishwe na jamaa zake wote warejee mahali pao.