Dola 1,600 za Wakili

Mwaka 1796 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Arcambel dhidi ya Wiseman. Ndani ya fidia iliyodaiwa zilikuwamo dola 1,600 za mawakili. Majaji wakazifuta kwa maelezo mafupi mno: desturi ya nchi haikubali. Ndiyo kanuni yao hadi leo, kwamba kila upande humlipa wakili wake, ushinde ushindwe. Sisi wa Kenya na Tanzania, tuliorithi sheria za Waingereza, tunashangaa. Kwetu aliyeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za mwenzake.

Kanuni hiyo nilikutana nayo nikisoma kesi za hataza, ile hati inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake. Mwenye hataza anakushtaki kwa dai bovu. Unajua utamshinda, ila kumshinda kutakugharimu kuliko kumpa chochote aondoke. Unampa. Kwangu mimi hicho ni kizuizi cha barabarani, tofauti ni kwamba mwenye kamba amevaa tai.

Sheria ya hataza ya 1952 iliruhusu jaji, katika kesi za kipekee, kumtwisha aliyeshindwa ada za mawakili. Upekee ni nini? Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya hataza ilijibu kwa ukali: kama mdai hakufanya hila katika uendeshaji wa kesi, mshindi athibitishe kwamba dai halikuwa na msingi wowote, na tena kwamba mdai alikuwa na nia mbaya. Nani ataingia moyoni mwa kampuni?

Ndipo ikaja kesi ya mashine za mazoezi. Kampuni ya ICON iliishtaki Octane Fitness, iliyo ndogo kuliko yenyewe, kwa hataza ambayo ICON haikuwahi kuitumia katika bidhaa zake. Octane ikashinda, ikanyimwa ada. Tarehe 29 Aprili 2014 Jaji Sonia Sotomayor wa Mahakama ya Juu alifanya jambo jepesi lisilotarajiwa: alifungua kamusi. Kesi ya kipekee, akaandika, ni ile inayojitenga na nyingine kwa udhaifu wa hoja au kwa namna ilivyoendeshwa. Jaji apime mazingira yote.

Mwaka uliofuata Octane ilipewa zaidi ya dola milioni 1.6 za mawakili.

ICON ilikuwa na mali ya kulipa. Wapo wadai ambao kampuni yao ni hataza na anwani tu, na amri dhidi yao haina cha kukamata. Mswada wa kuwafikia wanaojificha nyuma yao ulipita Bunge la Wawakilishi Desemba 2013, kwa kura 325 dhidi ya 91. Ukakwama Seneti.