Kutoka Gwaride la Beni Hadi Kutafuta Kiki

Mzazi anayelalamika kwamba simu ndiyo iliyowafundisha watoto kujionyesha hajui habari za beni. Ngoma hii ilizuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa wakigawanyika makundi na kushindana kwa sare, tarumbeta na gwaride. Walipeana vyeo: huyu Kingi, yule jenerali. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, makundi ya beni ya Marini na Arinoti yalikuwa yakitambiana hadi bara ya Tanganyika. Ila sifa ilikuwa ya kundi, na aibu vilevile. Mkishindwa, mlishindwa wote.

Redio ndiyo iliyoanza kumtoa mtu mmoja mmoja. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kijana alinunua kadi ya salamu, akaandika jina lake, mara nyingi na la kujibandika, kisha orodha ya rafiki na jamaa, akaituma kwa posta. Halafu akasubiri, pengine wiki kadhaa. Siku jina liliposomwa, mtaa mzima ulisikia, na kesho yake alitembea kifua mbele. Lakini wangapi walisikiliza? Hakuna aliyejua, na naona kutojua huko kulikuwa nafuu kubwa.

Mwaka 2009 nafuu hiyo ikaondoka. Februari, Facebook ilileta kitufe cha laiki. Juni ikapatikana kwa Kiswahili. Julai, mkongo wa SEACOM ukaanza kufanya kazi Mombasa na Dar es Salaam, katika ukanda uliokuwa ukitegemea setilaiti kwa intaneti ya bei mbaya. Kijana aliyekuwa akilipia dakika chache kwenye intaneti kafe alianza taratibu kuingia mtandaoni kwa simu yake mwenyewe, na chini ya picha yake sasa pakawa na tarakimu inayosomwa na darasa zima.

Tarakimu hiyo ina kazi yake. Mtazame mwanafunzi wa bweni likizo ya Desemba, karudishiwa simu iliyokuwa imefungiwa kabatini. Anapiga picha kumi, anachagua moja, anaiweka jioni wenzake wakiwa mtandaoni. Laiki zisipofika haraka, anaifuta kabla hawajaiona wengi. Hapo hajagombana na mtu wala kutukanwa. Ukimya tu umetosha. Na bando likiisha katikati ya kusubiri, hiyo ni adhabu nyingine.

TikTok, iliyounganishwa na Musical.ly mwaka 2018, ilikuja na mchezo tofauti: video yako inaonyeshwa watu usiowajua, hata kama huna wafuasi. Ndivyo mwaka 2021 Kili Paul, Mmaasai wa mkoa wa Pwani, Tanzania, alivyopata mashabiki India kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo. Vijana wengine, kijijini na mjini, wakaanza kutafuta kiki, yaani umaarufu wa haraka, kwa wageni, ambao hawana undugu wala uvumilivu.

Kampuni zenyewe zimewahi kushtushwa na tarakimu hizo. Mwaka 2019 Instagram ilianza, nchini Canada, kujaribu kuficha idadi ya laiki kwa watazamaji. Mwaka 2021 ikaamua kila mtumiaji achague mwenyewe kuificha au kuiacha. Idadi ya wafuasi haikuguswa.