Walioko na Wasioko: Historia ya Ufuko wa Ggaba katika Miti, Ndege na Maua

Katika mtihani wa kidato cha pili tuliulizwa tutaje majira ya mwaka na sifa zake. Niliandika kwamba majira ya kuchipua huanza Machi na kwisha Mei, kwamba miti huvaa majani mapya, maua huchanua na ndege hurudi kutoka kusini. Nilipewa alama zote. Hata hivyo sikuwa nimeona lolote kati ya hayo, kwa kuwa majira niliyoyaeleza ni ya Ulaya. Mimi nilikuwa naishi Ggaba, kusini mwa Kampala, katika nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaliona ziwa la Nalubaale, lile ambalo ramani huliita Victoria. Kwetu Machi hadi Mei ni ttoggo, yaani masika, na mvua za Septemba hadi Novemba ni ddumbi, yaani vuli.

Sikujali kuuangalia msimu wetu hadi mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, nami nikabaki nyumbani na Jajja, mama mzazi wa mama yangu. Mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida. Kwa kukosa la kufanya nilianza kuandika nilichokiona katika daftari la hesabu: musambya wenye maua ya manjano, kifabakazi chenye maua mekundu juu kabisa ya majani, ndegeya wakisuka viota vyao kwenye mafunjo, yangeyange, mdiria, na kwazi aliyelia asubuhi kabla hatujaamka. Jajja alipoliona daftari aliniambia nimsomee. Nilipomaliza alisema, “Hao ni walioko, mjukuu wangu. Wasioko umewaandika wapi?”

Swali hilo ndilo lililozaa insha hii. Sisi wanafunzi wa historia huzoea kutafuta ushahidi katika nyaraka, magofu na masimulizi ya wazee. Hoja yangu ni kwamba miti, ndege na maua ya mahali nayo ni ushahidi, kwa sababu karibu kila kimoja kina tarehe ya kuja, ya kuondoka au ya kuondolewa. Mandhari tunayoiita ya asili imetengenezwa na matukio, na anayeyasahau matukio hayo anaweza kulipa gharama. Familia yangu ililipa.

Nianze na mti. Katika Buganda mti umekuwa hati kabla ya hati za karatasi. Mpaka wa kibanja huoneshwa kwa kupanda luwaanyi, mmea wenye majani marefu ambao hata ukikatwa huchipua tena. Mutuba nao hupandwa kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini. Kutoka gome lake la ndani hutengenezwa lubugo, kitambaa cha rangi ya udongo ambacho Waganda hukivaa katika sherehe na kuwavika wafu wao. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, kisha shina hufungwa majani ya mgomba ili lipone na kuota gome jipya. Ufundi huu, ambao kwa desturi uko mikononi mwa mafundi wa ukoo wa Ngonge, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za binadamu. Kwa hiyo ukiona mutuba umesimama peke yake, usidhani umejiotea. Mara nyingi kuna mtu aliyeupanda, na alikuwa na sababu.

Mutuba wetu ulikuwa chini ya kibanja, upande wa ziwa. Jajja husimulia kwamba baba yake aliupanda alipokuwa yeye msichana, baada ya maji kupanda na kuichukua migomba yao. Masimulizi yake yanakubaliana na kumbukumbu za vipimo. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961 na miaka iliyofuata ziliinua ziwa kwa takriban mita 2.5, na mwezi Mei 1964 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41. Maji yalipoanza kushuka, mzee yule alichomeka tawi pale yalipofikia, akawaambia watoto wake kwamba chini ya mti huo hapajengwi. Hakuwa na karatasi wala ramani. Mti ndio uliokuwa neno lake.

Lakini kabla ya kufika kwake, ufuko huo ulikuwa na historia nyingine. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba vichaka na misitu ya kando ya ziwa ilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Mfalme Mwanga alikuwa na makao Munyonyo, jirani yetu, mwaka 1886, na mitumbwi ya Buganda ilitia nanga katika ghuba hizi. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Mwaka 1901 madaktari wawili wa Mengo, ndugu Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza. Katika miaka michache iliyofuata zaidi ya watu 200,000 walikufa kando ya ziwa na visiwani, hasa Busoga na Buganda. Ilipojulikana kwamba mbung’o ndiye anayeueneza, Gavana Hesketh Bell aliamuru kuanzia mwaka 1906 kwamba watu waondolewe katika ukanda wa ufukoni, na baadaye wakazi wa visiwa vya Ssese nao wakahamishwa. Migomba ilizama katika magugu. Miti ikaota juu ya mashamba na makaburi. Watu walirudi hatua kwa hatua katika miaka ya baadaye, na babu wa Jajja alikuwa miongoni mwa waliofyeka upya. Hivyo baadhi ya msitu ambao mgeni huusifu kwa kuwa haujaguswa na binadamu ni msitu ulioota kwa sababu binadamu walikufa au walifukuzwa.

Ua nalo lina mambo yake. Ua zuri kuliko yote niliyoyaandika katika daftari langu ni la gugu maji: la zambarau hafifu, lenye doa la manjano katikati, limekaa juu ya maji kama limepangwa. Jajja hapendi hata kulitazama. Mmea huo asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, na watu waliusambaza duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Ulionekana katika maziwa ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa umefunga ghuba na bandari, Port Bell ikiwemo. Mitumbwi haikupita, nyavu zilinasa, na samaki walikosa hewa chini ya zulia hilo. Kuanzia mwaka 1995 waliletwa fukusi wanaokula mmea huo tu, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ikapungua. Haukwisha. Kila masika, mito inapoleta rutuba na uchafu wa mji, gugu hurudi ghubani. Mtu aliyeanza kulijua ziwa juzi huliona ua. Mvuvi aliyekaa miezi bila kuvua huuona mwaka 1996.

Kuhusu ndege nitataja wawili. Wa kwanza ni kalooli, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning’inia shingoni. Wageni hushangaa kumwona juu ya miti ya mji mkuu. Profesa Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere aliandika mwaka 1975 kuhusu ndege wanaoishi kwa taka nchini Uganda, na kalooli ni mmoja wao. Kadiri mji ulivyotupa taka nyingi, ndivyo kalooli walivyopata sababu ya kubaki. Ndege huyu ni kumbukumbu ya namna tunavyoishi, ingawa hakuna anayependa kumbukumbu yenye sura kama ile.

Wa pili ni buabua mwenye mabawa meupe. Katika ghuba ya Lutembe, upande wa barabara ya Entebbe, buabua hawa hukusanyika kwa mamia ya maelfu, na ndiyo sababu mojawapo ya ghuba hiyo kuandikwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hutoka Ulaya na Asia mwezi wa Septemba au Oktoba, na Aprili huondoka kwenda kuzaa huko. Nilipolijua hili nilikumbuka mtihani wangu wa kidato cha pili. Wale ndege “wanaorudi kutoka kusini” niliowakariri walikuwa wanatoka kwetu. Nguvu ya kufika huko wanaipata kwa kula wadudu na samaki wadogo wa ziwa hili, wakati masika yanapoanza. Kandokando ya ghuba hiyohiyo kuna mashamba ya waridi, na waridi hizo nazo husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Biashara hiyo ilianza kushika kasi nchini miaka ya 1990. Ardhi oevu ikifukiwa ili kupanda waridi, anayenunua shada kule hajui kwamba amepunguza buabua wake mwenyewe.

Katikati ya hao wote yapo mafunjo, ambayo hayana ua la kupendeza wala bei. Maji machafu ya Kampala hupitia mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya ndani ya Murchison, na bwawa la mafunjo lililoko mwishoni mwa mfereji huo ndilo lililokuwa likiyachuja. Ghuba hiyohiyo ndiyo inayolisha mitambo ya Ggaba inayotoa maji ya kunywa ya mji. Mafunjo yamekatwa kwa miaka mingi, yakapandwa magimbi, kisha yakajengwa nyumba na maghala. Mwezi Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo kilichong’oka na kuelea kilikwama kwenye bwawa la umeme la Jinja, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Sisi tulikuwa tumekaa jikoni na taa ya mafuta. Jajja alisema tu kwamba mafunjo yamekuja kudai.

Nilipoandika orodha yangu mwaka ule, mutuba haukuwamo. Ulikuwa umekatwa mwaka 2017. Mjomba wangu aliona kwamba kipande cha chini cha kibanja kimekaa bure wakati wapangaji wanatafuta vyumba karibu na soko la samaki. Alijenga mizigo sita, yaani vyumba vya kupangisha vya mlango mmoja mmoja. Jajja alikataa, kisha akanyamaza. Mti wenyewe ulitoa kuni za wiki kadhaa. Kanuni za mwaka 2000 zinakataza ujenzi ndani ya mita 200 kutoka ukingo wa ziwa hili, na sisi tulikuwa ndani ya mita hizo, lakini hakuna nyumbani aliyezitaja. Majirani nao walikuwa wamejenga.

Katikati ya Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja tu juu ya kile cha 1964. Maji yaliingia katika vyumba vyote sita. Mama mmoja aliyeuza samaki wa kukaanga alipoteza godoro, unga na akiba yake ya bidhaa, na hakuwa na pa kwenda kwa sababu usafiri ulikuwa umefungwa. Tulilala naye na wanawe wawili sebuleni kwa majuma matatu. Asubuhi moja nilishuka na Jajja kuangalia. Maji yalikuwa yamesimama hatua mbili kutoka kwenye kisiki cha mutuba. Hakusema “niliwaambia”. Aliinama, akakigusa kisiki kwa fimbo yake, akaniuliza kama nimekuja na lile daftari.

Nimesoma insha nyingi ambazo mwandishi akifika hapa huwalaumu wengine. Mimi siwezi. Maji yaliposhuka vyumba vilipakwa rangi na kupangishwa tena, na ada yangu ya muhula wa kwanza chuoni ilitoka katika kodi ya vyumba hivyo. Mjomba hakuwa mjinga wala mkatili. Alikuwa mtu aliyezaliwa baada ya gharika ya kwanza, akaona mti, asione tarehe. Vipimo vya ziwa viliandikwa na kuhifadhiwa tangu mwisho wa karne ya 19, lakini havikufika nyumbani kwetu. Kilichofika ni mti mmoja na maneno ya mzee mmoja, na ulipokatwa mti, maneno yalibaki bila shahidi.

Ndiyo maana nasema kwamba kuangalia miti na ndege wa nyumbani si kazi ya washairi na watalii peke yao. Mwanahistoria akiuliza “mti huu ulipandwa na nani, mwaka gani, na kwa nini hapa?” anaweza kuokoa kumbukumbu ambayo hakuna maktaba iliyoihifadhi. Wenzangu wengi wanatoka Kisumu, Mwanza, Bukoba, Musoma, Jinja. Ziwa letu ni moja na lilipanda kwetu sote mwaka 1964 na mwaka 2020. Huko nako lazima kuna jiwe, mwembe au ukuta wa kanisa ambao mzee fulani anajua maji yaliufikia. Ningependa tuyaandike hayo wakati wazee wangalipo.

Daftari langu sasa lina safu mbili kila ukurasa. Upande wa kushoto ni walioko. Upande wa kulia ni wasioko, pamoja na mwaka walipoondoka na jina la aliyenieleza. Mstari wa kwanza wa upande wa kulia unasema: mutuba, mpaka wa chini, 1964 hadi 2017, amesimulia Jajja.