Vijana wa Miami Walioingiza Jazi Ndani ya Metali

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapenzi wa deth metali, ule muziki wa gitaa zito na sauti ya kunguruma, walielekeza macho Tampa, Florida. Death, Obituary, Deicide na Morbid Angel, wote walirekodi humo katika studio ya Morrisound, na ushindani ulikuwa wa kasi na ukali. Cynic, bendi iliyoanzishwa Miami mwaka 1987, ilikulia katika mashindano hayo kisha ikashika njia yake.

Mpiga gitaa wa Cynic Paul Masvidal na mpiga drams wao Sean Reinert walikuwa na umri wa takriban miaka 20 tu walipoitwa kurekodi Human, albamu ya Death ya mwaka 1991. Msikilize Reinert humo: miguu inakimbia kimetali, lakini mikono inayachezea matoazi kwa wepesi, kama mpigaji wa jazi.

Hawakuwa peke yao katika kuingiza jazi ndani ya metali. Sarasota, jirani na Tampa, kulikuwa na Atheist. Mpiga besi wao, Roger Patterson, alifariki katika ajali ya gari Februari 1991, na aliyeshika besi katika albamu yao ya Unquestionable Presence mwaka huo huo alikuwa Tony Choy wa Cynic.

Agosti 1992 Kimbunga Andrew kikavamia kusini mwa Florida. Nyumba ya Jason Gobel, mpiga gitaa wa pili wa Cynic, iliharibiwa pamoja na chumba cha mazoezi. Kurekodi albamu yao kukaahirishwa, na katika kungoja huko nyimbo zikafumuliwa na kushonwa upya.

Matokeo yake ni Focus, iliyotoka Septemba 1993: nyimbo 8, dakika kama 36. Masvidal anaimba kupitia vokoda, mashine inayoifanya sauti ya mtu isikike kama ya roboti. Mngurumo akaachiwa Tony Teegarden. Sean Malone anapiga besi isiyo na vyuma shingoni, hivyo noti zinateleza badala ya kuruka. Katika Textures, kibao kisicho na maneno, ukali unapungua na vyombo vinapokezana nafasi kama bendi ya jazi jukwaani. Hapo ndipo ufundi wao ulipo: jazi haikupakwa juu ya metali, imo katika mdundo wenyewe.

Mashabiki wengi hawakuwa tayari. Mwaka 1994 Cynic walizunguka Marekani na Cannibal Corpse, mbele ya watu waliofuata ukatili mtupu, na mwaka huo huo bendi ikavunjika. Heshima ilikuja baadaye, bendi nyingi za metali zenye ufundi zilipoitaja Focus kuwa mwalimu wao. Walirudi na Traced in Air mwaka 2008.

Reinert alifariki Januari 2020, Malone Desemba mwaka huo. Masvidal aliendelea, akatoa Ascension Codes mwaka 2021. Anayeogopa kelele za metali aanze na Textures, kisha arudi mwanzo wa Focus na aisikilize yote.