Ini Lenye Mafuta: John Waterlow na Historia ya Utafiti wa Unyafuzi katika Karibi, 1945–1975

Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha taarifa namba 263 katika mfululizo wake wa taarifa maalumu. Mwandishi wake, John Waterlow, aliyezaliwa mwaka 1916, alikuwa ametumwa mwaka 1945 katika makoloni ya Uingereza ya Karibi ili kutafuta sababu ya vifo vingi vya watoto wadogo. Watoto hao walivimba miguu na nyuso, ngozi zao zikabanduka, nywele zao zikapauka na kulegea, nao wakakataa kula. Waterlow aliita taarifa yake kwa jina la kiungo alichokiona kimebadilika kuliko vingine vyote: ugonjwa wa ini lenye mafuta kwa watoto wachanga.

Uteuzi huo wa jina haukuwa jambo dogo. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika na kufanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), alikuwa amekwisha kuwaeleza wasomaji wa jarida la Lancet ugonjwa ambao Waga wa Accra waliuita kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayeondolewa mahali pake na mdogo wake anayezaliwa. Kiswahili huuita unyafuzi. Hugh Stannus, aliyekuwa amefanya kazi Nyasaland, alipinga akisema kwamba huo ni pelagra tu. Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, naye mwanzoni aliuandikia kama pelagra ya watoto, kabla ya yeye na daktari Mganda Eria Muwazi kuuita, mwaka 1945, utapiamlo hatari. Hivyo, hadi Waterlow anaanza kazi, ugonjwa mmoja ulikuwa na majina kadhaa, na kila jina lilibeba ndani yake dai kuhusu chanzo. Jina la Waterlow lilidai machache zaidi. Lilisema kilichoonekana, likanyamaza kuhusu kisichojulikana.

Kilichoonekana kilikuwa cha kushangaza. Katika hali kali, mafuta huweza kufikia takribani nusu ya uzito wa ini la mtoto mwenye unyafuzi. Huanza kujikusanya katika seli zilizo karibu na mahali ambapo damu itokayo utumboni huingilia, kisha huenea hadi seli zote zikajaa. Mtoto anapopona, mafuta huondoka kwa mpangilio wa kinyume. Jambo la ajabu ni kwamba mtoto huyo hajala mafuta mengi. Chakula chake kwa kawaida ni uji mwepesi wa wanga. Kwa hiyo swali la kitabibu liligeuka kuwa swali la umetaboli: mafuta haya yametoka wapi, na kwa nini hayatoki?

Ili kulijibu, ilibidi ini lichunguzwe mtoto akiwa hai. Uchunguzi wa maiti ulikuwa na kasoro mbili: vimeng'enya huharibika upesi baada ya kifo, na maiti haioneshi namna mgonjwa anavyopona. Waterlow alichukua vipande vidogo vya ini kwa sindano, kisha akavipima kwa mbinu za vipimo vidogo sana zilizoendelezwa katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Kwa vigezo vya maadili vya leo, kumchoma sindano ya ini mtoto mchanga aliye mahututi, ambaye wazazi wake ni watu wa koloni na daktari ni mtumishi wa dola inayowatawala, kusingepita bila maswali mazito kuhusu ridhaa. Wanahistoria wa tiba wanaosifu ustadi wa mbinu hizo aghalabu hulipita jambo hili haraka mno.

Thamani ya kisayansi ya vipande hivyo ilitegemea tatizo ambalo huonekana kama la kihesabu tu. Kimeng'enya kikikokotolewa kwa uzito wa kipande, ini ambalo nusu yake ni mafuta litaonekana limepungukiwa na kila kitu, hata kama seli zake ni nzima. Mwaka 1956 Waterlow na Theodora Weisz walichapisha katika Jarida la Uchunguzi wa Kitabibu la Marekani vipimo vya mafuta, protini na asidi za nyukilia katika maini ya watoto hao. Kiasi cha DNA katika seli hakibadiliki sana mtu akikosa chakula. Kwa hiyo huweza kutumika kama kipimo cha idadi ya seli. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba seli ya ini ilikuwa imepoteza protini yake yenyewe, mbali na kuzidiwa na mafuta. Aidha, upungufu haukuwa sawa kwa vimeng'enya vyote. Kolinesterasi ya ini, ambayo Waterlow aliiandikia mwaka 1950, ilishuka na kupanda tena mtoto alipolishwa. Mwili wenye njaa ulionekana kuchagua nini cha kulinda na nini cha kuachilia. Hapo ndipo lilipozaliwa suala lililomshughulisha kwa maisha yake yote ya utafiti, yaani namna protini ya mwili inavyovunjwa na kujengwa upya bila kukoma.

Kuanzia mwaka 1954 kazi hiyo ilikuwa na makao maalumu, Kitengo cha Utafiti wa Umetaboli wa Kitropiki, huko Mona, Jamaika. Wodi na maabara viliwekwa chini ya paa moja, jambo lililowezesha mtoto mmoja kufuatiliwa tangu kulazwa hadi kuruhusiwa.

Hofu kubwa ya zama hizo ilikuwa kwamba ini lenye mafuta utotoni ndilo chanzo cha sirosisi na saratani ya ini kwa watu wazima wa nchi za tropiki. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki. Majaribio ya panya yalikuwa yameonesha kwamba lishe duni huweza kuleta makovu kwenye ini, na Mulago kulionekana wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Hata hivyo, ushahidi wa watoto waliopona haukuiunga mkono: mafuta yaliondoka, ini likarudi katika hali yake. Jamaika yenyewe ilitoa fundisho la tahadhari. Mwaka 1954 Bras, Jelliffe na Stuart walieleza ugonjwa mwingine wa ini kwa watoto wa kisiwa hicho, ambamo mishipa midogo ya vena huziba na makovu hufuata. Ugonjwa huo ulihusishwa na chai ya majani ya porini, hasa mimea ya jenasi ya Crotalaria (ndiyo jenasi ya marejea, inayopandwa Tanzania kurutubisha udongo). Watoto wa kisiwa kimoja, wenye umaskini mmoja, walikuwa na maini mabovu kwa sababu mbili tofauti. Kuhusu saratani, majibu yalitoka kwingine, katika virusi vya homa ya ini aina ya B na katika sumukuvu. Tafiti zilizochapishwa miaka ya 1970 mwanzoni, Uganda na katika wilaya ya Murang'a nchini Kenya, zilihusisha sumukuvu katika chakula na wingi wa saratani ya ini.

Swali la kwa nini mafuta hayatoki lilipata jibu lenye nguvu mwaka 1969, kwa kazi ya Truswell, Hansen na wenzao wa Cape Town. Ini husafirisha mafuta kwa kuyafungasha pamoja na protini maalumu. Protini hiyo isipotengenezwa, shehena hubaki bandarini. Jibu hilo lilionekana kuthibitisha kwamba unyafuzi ni njaa ya protini. Lakini wakati huohuo fikra hiyo ilikuwa imevuka mipaka ya wodi. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa kuhusu janga la protini lililokuwa likiikabili dunia, na fedha nyingi zilielekezwa kwenye unga wa samaki na vyakula vingine vya protini nyingi. Mwaka 1974 Donald McLaren aliishambulia sera hiyo waziwazi katika Lancet.

Msimamo wa Waterlow katika mjadala huo ndio unaompambanua. Yeye, ambaye sifa yake ilijengwa juu ya protini, na ambaye alihariri kitabu cha mkutano wa Jamaika wa mwaka 1953 kuhusu utapiamlo wa protini, aliandika pamoja na Philip Payne katika Nature mwaka 1975 kwamba pengo la protini, kwa namna lilivyokuwa likielezwa, halipo: kwa watoto wengi, chakula chenyewe kwa jumla ndicho kilichopungua. Miaka mitatu kabla alikuwa amependekeza katika Jarida la Tiba la Uingereza watoto watenganishwe kwa vipimo viwili, uzito kwa urefu na urefu kwa umri, ili mtoto aliyekonda sasa asichanganywe na yule aliyekosa kukua kwa muda mrefu. Mhudumu wa kliniki wa Dodoma au Kisumu anayeandika leo ukondefu au udumavu anatumia mgawanyo huo. Kuhusu ini, mjadala haujafungwa. Katika miaka ya 1980 Michael Golden, aliyefanya kazi katika kitengo hichohicho cha Mona, alidai kwamba uharibifu wa seli katika unyafuzi unatokana na kemikali haribifu ambazo mwili dhaifu hushindwa kuzidhibiti, na bado haijaelezwa kikamilifu kwa nini, kati ya watoto wawili wanaokula chungu kimoja, mmoja hupata nyongea na mwingine huvimba.